Syd Shelton, mpiga picha wa panki aliyechagua upande

Ukitamka neno panki hapa Pwani, wengi watafikiria kinyozi. Enzi zetu za shule panki ulikuwa mkato wa nywele, pembeni umechongwa, juu umeachwa, na ustadhi wa madrasa akikuona nao unarudishwa nyumbani mpaka uje na kipara. Hatukujua kwamba neno lenyewe lilisafiri kutoka mbali, na kwamba kabla ya kuwa mkato lilikuwa muziki wa vijana wa London na New York, muziki wa makelele, gitaa tatu na hasira nyingi. Mimi si mshabiki wa makelele hayo na sitamshauri mtu ayatafute. Lakini kuna mtu mmoja aliyeyafuata na kamera yake kwa takriban miaka mitano, na ukizitazama picha zake vizuri utakuta kuwa habari yenyewe inatugusa sisi kuliko tunavyodhani.

Mtu huyo ni Syd Shelton. Alizaliwa mwaka wa 1947 mjini Pontefract, Yorkshire, kwenye nchi ya wachimba makaa ya mawe. Alisomea uchoraji, kisha mwanzoni mwa miaka ya sabini akaenda Australia, na ni huko Sydney alikoshika kamera kama kazi. Aliporejea Uingereza katikati ya muongo huo alikuta nchi imebadilika. Ajira zilikuwa zimepungua, kuta zilikuwa zimechorwa herufi NF, na vijana walikuwa wamevaa nguo zilizochanwa na kufungwa kwa pini. Herufi zile zilikuwa za National Front, chama kilichoundwa mwaka wa 1967 na kilichotaka watu weusi na Waasia wafukuzwe Uingereza.

Ili kuelewa alichokipiga picha, yafaa tuutazame mwezi mmoja tu: Agosti mwaka wa 1976.

Tarehe 5 mwezi huo, mpiga gitaa Eric Clapton alikuwa jukwaani mjini Birmingham. Alikuwa amelewa. Akaanza kuwahubiria watazamaji kwamba wageni wamezidi, waondoke, na akamsifu mwanasiasa Enoch Powell. Miaka miwili tu kabla ya hapo Clapton alikuwa amefika kileleni Marekani kwa wimbo wa Bob Marley, mtu mweusi wa Jamaika. Kuna watu walioshindwa kumeza unafiki huo. Mpiga picha mmoja, Red Saunders, pamoja na Roger Huddle na wenzao, waliandika barua kwa magazeti ya muziki wakimkumbusha Clapton kwamba nusu ya muziki wake ni wa watu weusi, na wakawaita wasomaji wajiunge nao. Barua za majibu zilimiminika. Hapo ndipo ilipozaliwa Rock Against Racism, yaani muziki wa roki dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Mwezi huohuo, kaskazini-magharibi mwa London, wafanyakazi wa kiwanda cha Grunwick walitoka nje na kuanza mgomo. Hapa msomaji wa Mombasa asimame kidogo. Grunwick kilikuwa kiwanda cha kuosha picha. Watu wakienda likizo hupiga picha, huitia filamu kwenye bahasha, huituma kwa posta, na kule kiwandani wanawake huipokea, huiosha na kuirudisha. Wengi wa wanawake hao walikuwa Wahindi, na wengi wa Wahindi hao walitoka Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Jayaben Desai, mama mfupi aliyevaa sari na kushika mkoba, alizaliwa Gujarat lakini aliishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza. Mgomo wao uliendelea hadi Julai mwaka wa 1978 na haukushinda, ingawa maelfu ya wafanyakazi wa Kizungu walifika kusimama nao getini.

Na mwisho wa mwezi, tarehe 30, sherehe ya kila mwaka ya watu wa Karibiani huko Notting Hill iliishia kwa vita vya mawe kati ya vijana weusi na polisi.

Wahindi wetu walifikaje huko? Wazee wanakumbuka. Baada ya uhuru, wengi wa Wahindi wa Mombasa, Nairobi na Kisumu walibaki na pasipoti za Uingereza. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka wa 1967 zilipoanza kuwabana hapa Kenya, wakaanza kuondoka kwa ndege. Serikali ya Uingereza ilishtuka, ikapitisha sheria bungeni kwa siku tatu tu ili kuwazuia, ikaanza kutumika Machi mwaka wa 1968. Mwezi uliofuata Powell akatoa ile hotuba yake ya Birmingham ya kutabiri damu. Kisha mwaka wa 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Kwa hiyo kijana wa National Front alipoandika ukutani kwamba wageni warudi kwao, miongoni mwa aliowakusudia walikuwa majirani wa zamani wa babu zetu.

Marehemu baba alikuwa na rafiki, fundi wa saa, aliyeondoka katika wimbi lile la kwanza. Alituma picha moja tu, amesimama barabarani na koti kubwa, theluji miguuni, anacheka. Nyuma imeandikwa London na mwaka. Picha hiyo tuliitunza kwenye albamu pamoja na za harusi, na nikiwa mtoto nilidhani ni picha ya mtu aliyefanikiwa. Nilipokuja kusoma habari za miaka ile ndipo nilipoiangalia tena na kujiuliza ule ukuta nyuma yake ungekuwa umeandikwa nini endapo mpiga picha angesogea hatua mbili.

Shelton alisogea hizo hatua mbili. Mwaka wa 1977 alijiunga na Rock Against Racism, si kama mwandishi wa habari aliyetumwa na mhariri, bali kama mwanachama. Jambo hili ni muhimu na hakulificha. Alizichukulia picha zake kuwa hoja, na hakudai kwamba amesimama katikati. Wapo wanaosema mpiga picha wa habari asiwe na upande. Mimi naona heri aliyekuambia mapema yuko wapi kuliko yule anayejificha nyuma ya neno uwiano huku amesimama nyuma ya mstari wa polisi kila siku.

Panki yenyewe haikuwa na upande ulio wazi hapo mwanzo. Hili husahaulika. Baadhi ya vijana wake wa kwanza walivaa alama ya Manazi kifuani, wengi kwa kutaka kuwaudhi wazazi tu, lakini mtoto anayecheza na kiberiti hachagui nyumba itakayoungua. National Front walikuwa wakiajiri wanachama palepale, nje ya kumbi za muziki na viwanja vya mpira, hasa miongoni mwa maskinhedi, vijana wa kunyoa upara na kuvaa buti nzito. Mwishoni mwa miaka ya sabini wafuasi wao walianzisha hata harakati yao ya muziki kushindana na ile ya akina Saunders. Kwa hiyo vita vilikuwa juu ya kijana huyo mmoja asiye na kazi: atamsikiliza nani?

Upande wa pili wa shilingi ulikuwa rege. Katika klabu ya Roxy, mahali panki ilipolelewa London, aliyecheza santuri alikuwa Don Letts, mtoto wa Wajamaika. Santuri za panki zilikuwa bado chache mno, basi akawapigia rege usiku kucha, na vijana wa Kizungu wakaipenda. Rock Against Racism walilifanya hili kuwa mtindo: bendi ya watu weusi na bendi ya panki katika jukwaa moja, usiku mmoja, na mwisho wote wanapanda kupiga pamoja. Leo ni jambo dogo. Wakati ule kulikuwa na miji ambako halikuwa limeonekana.

Harakati hiyo ilikuwa na gazeti lake, Temporary Hoarding, lililoanza mwaka wa 1977, na Shelton alikuwa miongoni mwa waliolipiga picha na kulisanifu. Kompyuta hazikuwapo. Picha ilioshwa chumba cha giza, ikakatwa kwa makasi, ikabandikwa kwa gundi kando ya maneno makubwa yaliyopinda, na ukurasa ukaenda mtamboni hivyohivyo. Gazeti likikunjuliwa linakuwa bango la ukutani. Ndani yake utakuta mahojiano na bendi, halafu ukigeuza unakuta makala juu ya Afrika Kusini, Ireland Kaskazini au Zimbabwe kabla haijaitwa Zimbabwe. David Widgery, daktari wa London Mashariki, alikuwa mmoja wa waandishi wake wakuu. Kijana alinunua kwa ajili ya The Clash, akaondoka na somo la siasa.

Picha ya Shelton inayojulikana zaidi pengine ni ya Lewisham, kusini-mashariki mwa London. Tarehe 13 Agosti mwaka wa 1977 National Front waliandamana kupita mtaa huo wenye watu weusi wengi, wakidai wanapinga wizi wa mabavu, na kila mtu alijua mwizi wanayemsema ana rangi gani. Maelfu ya wakazi na wafuasi wao walijitokeza kuwazuia. Siku hiyo ndiyo polisi walitumia ngao za kuzuia fujo kwa mara ya kwanza katika kisiwa kikuu cha Uingereza. Shelton alimnasa Darcus Howe, mzaliwa wa Trinidad na mhariri wa jarida la Race Today, akiwa amepanda juu ya paa la choo cha umma na kipaza sauti mkononi, akihutubia umati. Hapakuwa na jukwaa siku hiyo, na aliyetaka kusikika alipanda alichokiona mbele yake.

Hapo ndipo unapoona tofauti ya Shelton na wapiga picha wengi wa muziki. Wengi waliishi chini ya jukwaa wakingoja mwimbaji aruke. Yeye pia aliwapiga wanamuziki; yuko Paul Simonon wa The Clash, yuko Bevin Fagan wa Matumbi. Lakini kamera yake ilipenda kutoka nje: barabara, uzio, watoto mtaani Stepney, wasichana kwenye foleni, maskinhedi. Ana picha ya mwaka wa 1979 kutoka Hackney ya maskinhedi waliokuwa upande wa kupinga ubaguzi. Wengi hawakujua kwamba walikuwapo. Magazeti makubwa yalikuwa na skinhedi wa aina moja tu, na ukishaamua kwamba kijana ni wa aina moja hutahangaika kumpiga picha ya pili.

Kisha ikaja siku kubwa. Tarehe 30 Aprili mwaka wa 1978 watu walikusanyika Trafalgar Square, katikati ya London, wakatembea kwa miguu hadi bustani ya Victoria Park, Hackney, mwendo wa karibu kilomita kumi, wakifuatana na malori yaliyobeba bendi. Makadirio ya idadi yao hutajwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000. Waandaaji wenyewe hawakutarajia hivyo. Jukwaani walikuwa The Clash, Steel Pulse wa Birmingham, Tom Robinson Band na X-Ray Spex. Mwimbaji wa X-Ray Spex alijiita Poly Styrene, lakini jina lake la kuzaliwa ni Marianne Elliott-Said, na hiyo Said si ya bure: baba yake alikuwa Msomali. Binti wa Kisomali, meno yamefungwa vyuma, anaimba mbele ya watoto wa Kizungu maelfu na maelfu. Kwa baadhi yao huenda alikuwa mtu wa kwanza wa aina yake kuwahi kumsikiliza bila kumtukana. Alifariki mwaka wa 2011, na binti yake ameshiriki kutengeneza filamu juu ya maisha yake.

Jimmy Pursey naye alipanda jukwaa siku hiyo kuimba na The Clash. Bendi yake, Sham 69, ilikuwa ikifuatwa na maskinhedi wa National Front kila ilipokwenda. Kupanda kwake mbele ya umati ule kulikuwa ni kuwaambia wafuasi wake mwenyewe kwamba hayuko nao, na baadaye walimlipa kwa kuvuruga maonyesho yake.

Wasomaji wangu wengine watasema sherehe ni sherehe, watu walicheza wakaenda zao. Na kweli, siku nne tu baada ya Victoria Park, tarehe 4 Mei, kijana Mwislamu kutoka Bangladesh aitwaye Altab Ali, fundi wa kushona, alichomwa kisu akitoka kazini Whitechapel, mwendo mfupi kutoka bustani ileile. Alikuwa na umri wa miaka isiyozidi 25. Ilikuwa siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa na National Front walikuwa na wagombea wengi. Siku kumi baadaye maelfu ya Wabangladeshi walitembea nyuma ya jeneza hadi katikati ya London. Muziki haukuzuia kisu kile. Ila vijana wa Kibangladeshi waliojipanga kulinda mtaa wao wa Brick Lane baada ya msiba huo walikuwa na watu wa kusimama nao, na hilo lilianza kujengeka kabla ya kisu.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Southall, magharibi mwa London, mtaa wa Wapunjabi na pia wa Wahindi wengi waliotoka Kenya. Hapo ndipo Gurdip Singh Chaggar, kijana wa miaka 18, alipouawa mwaka wa 1976. Tarehe 23 Aprili mwaka wa 1979, wiki moja na ushei kabla ya uchaguzi mkuu, National Front waliruhusiwa kufanya mkutano katika ukumbi wa mji. Wakazi walifunga maduka wakatoka. Polisi zaidi ya 2,500 waliletwa. Mwalimu mmoja, Blair Peach, mzaliwa wa New Zealand, alipigwa kichwani akafa. Clarence Baker, meneja wa bendi ya rege ya Misty in Roots yenye makao palepale Southall, alivunjwa fuvu katika msako na akabaki bila fahamu kwa muda mrefu. Ripoti ya ndani ya polisi iliyosema kwamba yaelekea aliyempiga Peach alikuwa polisi ilifichwa hadi mwaka wa 2010, na hakuna aliyeshtakiwa. Shelton alikwenda Southall mwaka huo na kamera yake, na Julai The Clash, Aswad, The Ruts na Misty in Roots walipiga katika ukumbi wa Rainbow kuchangia gharama za kesi za waliokamatwa.

Katika uchaguzi wenyewe National Front walisimamisha wagombea 303 na wote wakashindwa vibaya. Watu wa Rock Against Racism hujipa sehemu ya sifa, na nadhani ni haki yao, ila lazima isemwe pia kwamba Margaret Thatcher, aliyeshinda uchaguzi huo, alikuwa amekwisha kuwavuta wapiga kura wao kwa kuzungumza juu ya hofu ya wageni kwa lugha ya adabu zaidi. Lawama nyingine ni kwamba harakati iliongozwa zaidi na Wazungu, na kwamba Wahindi walitajwa sana kwenye mabango lakini jukwaani hawakuonekana ila kwa nadra. Hilo nalo ni kweli. Rege ilikuwa na soko tayari. Muziki wa vijana wa Southall ulikuwa bado unafungiwa kwenye kumbi za harusi.

Tamasha la mwisho kubwa lilifanyika Potternewton Park, Leeds, tarehe 4 Julai mwaka wa 1981. The Specials ndio waliovuta watu, bendi yenye weusi na weupe ndani yake. Shelton alipiga picha ya mashabiki wao, nyuso tu, vijana waliobanana, wengine weusi, wengine weupe, na jukwaa halimo. Wiki hiyohiyo miji ya Uingereza ilikuwa ikiwaka moto kwa ghasia.

Baada ya hapo aliendelea na kazi ya usanifu wa vitabu na picha, na filamu zake za miaka ile zikakaa. Kitabu chenye picha hizo, kwa jina la harakati yenyewe, kilitoka mwaka wa 2015, sambamba na maonyesho katika jumba la Autograph, London, taasisi iliyoanzishwa na wapiga picha weusi mwaka wa 1988. Waandaaji walikuwa Mark Sealy na Carol Tulloch. Karibu miaka 35 filamu zilitunzwa, hazikuota ukungu, hazikutupwa. Natamani ningesema hivyo juu ya studio ya mtaani kwetu ambayo mwenyewe alipofariki, visanduku vyake vyote, maulidi, maandamano, timu za mpira, vilitolewa nje siku ya kukabidhi chumba na mkokoteni wa taka ukavichukua kabla ya adhuhuri. Tulipita tukavitazama.

Anayetaka kujua zaidi aitafute filamu ya mwaka wa 2019 iitwayo White Riot, ya Rubika Shah, inayosimulia harakati hiyo tangu ile barua ya Saunders. Na mwenye jamaa London Mashariki, akienda kuswali Ijumaa katika msikiti mkubwa wa Whitechapel Road, atembee dakika chache tu barabara ileile mpaka bustani ndogo yenye miti. Tangu mwaka wa 1998 inaitwa Altab Ali Park.